Shamba la Mama Halikodishwi

Ha Khoabane, 11 Septemba 2022

Kaka Seabata,

…na hapo ndipo basi lako lilipoondoka, nami nikabaki barabarani nimeshika hewa, sijafika hata nusu ya habari zangu. Basi naendelea palepale. Nimekupigia simu wiki nzima, yule mwanamke wa kwenye mtambo ananiambia hupatikani, nikaona heri kalamu.

Ulipoondoka tu wakwe zangu walinichinjia kondoo wa kunipokea. Kabla ya hapo, unajua, sikuruhusiwa kula chochote cha kwao, nilikuwa nashindia mkate niliouficha mkobani. Mama mkwe akanifunika blanketi, akanitazama kutoka utosini hadi unyayoni, akasema, "Kuanzia leo wewe ni 'Makhauhelo." Yaani Mama Khauhelo, kaka! Mtoto ambaye hata kichefuchefu chake bado sijakisikia, tayari ana jina, ana bibi, na ana shangazi wawili wanaobishana atafanana na nani.

Na Pakiso, huyu mume wangu! Sijui nikuandikie nini, wewe ni kaka yangu. Nikwambie tu kwamba anaamka kabla yangu, anawasha moto wa samadi mwenyewe, mama yake anageuza uso kwa aibu, na wakati wote huo anaimba. Sauti yake inakwaruza kama mlango wa zizi. Naipenda. Amepata na kazi, ya karibu, yenye mshahara wa kila mwezi, tutaizungumza siku nyingine.

Kabati ulilonipeleka nalo limeingia kwa taabu. Ilibidi wang'oe fremu ya mlango. Wanawake wote wa hapa wamekuja kujitazama kwenye kioo chake, na kitanda wamekibonyeza kwa viganja kama wananunua ng'ombe. Nilijivuna, kaka. Nilisema, "Kaka yangu ananyoa kondoo nchi nzima ya watu, hamuoni?" Mungu akuzidishie.

Kutoka mlangoni kwetu, ng'ambo ya kijito, naliona shamba la mama lote. Wakati mwingine nasimama tu na kikombe cha uji mkononi nalitazama. Sasa sikiliza. Jumatano alikuja kijana wa kampuni, wale wenye nyumba za nailoni kule juu, wanaolima bangi kwa kibali cha serikali. Alikuwa na viatu vyeupe, masikini, kwenye tope letu. Nilikuwa kijitoni nafua.

Akaniuliza, "Dada, hili shamba ndilo la marehemu?"

Nikamwambia, "La marehemu na la walio hai."

"Tutaanza kuweka uzio mwisho wa Januari. Miaka ishirini. Kaka yako ameshakubali."

Nilicheka mpaka sabuni ikachukuliwa na maji. Nikamwambia kaka yangu akikubali jambo huja kuniambia, na yeye akavue viatu kwanza ndipo aje kuzungumza habari za mashamba. Lakini usiku sikucheka. Niambie kwa mkono wako, kaka: umekubali, hujakubali?

Dada yako mwenye furaha kuliko wote,
'Makhauhelo (bado ni Nthatisi wako)


Rietkuil, Karoo, 2 Oktoba 2022

Mdogo wangu Nthatisi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mgongo ni wa mtu mwingine. Simu yangu ilizama kwenye josho la kondoo. Nyapara aliitoa kwa koleo, ikawa imekufa lakini haina kupe. Andika kwa anwani ya duka la sufu la mjini, lori letu hupita pale kila tunapohama shamba, ila usitegemee haraka. Upepo wa huku unakausha midomo, na mikono yangu imelainika kwa mafuta ya sufu kama ya bibi harusi. Wenzangu wananitania eti nitaolewa kabla msimu haujaisha.

Nimefurahi wamekupokea vizuri. Msalimie shemeji. Mwambie mwanaume anayewasha moto mbele ya mama yake ama ni mpumbavu ama ni mwema, na mimi nasubiri kuona. Hukunieleza ni kazi gani.

Kuhusu lile shamba la kijitoni. Nthatisi, wewe umeolewa. Una mashamba ya mumeo ya kuhangaikia. Lile la mama limechoka, wewe mwenyewe uliniambia mwaka jana mahindi yalikuwa kama meno ya mzee. Zamani shamba kama lile lilibadilishwa kwa ng'ombe mmoja na pipa la pombe, mbele ya chifu, watu wakaimba wakaenda kulala. Leo kampuni inalipa bei ya ng'ombe kumi na wawili, na watu wa Maseru wanapanda na magari yao kutafuta hata miteremko ya mawe. Bei kama hiyo hairudi mara mbili. Mama alilima bangi humohumo katikati ya mahindi, akikimbia polisi na gunia mgongoni, wakamchomea mazao yote mbele ya macho yetu. Sasa watu wanataka kuilima mchana kweupe na kulipa. Wewe unaona kosa liko wapi?

Kuwa na furaha. Ndiyo kazi ya mtu aliyeolewa juzi. Mengine niachie.

Kaka yako,
Seabata


Ha Khoabane, 23 Oktoba 2022

Kaka Seabata,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na nimetafuta jibu la swali langu kama mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi za paa. Halimo. Umeandika kuhusu kupe, upepo na meno ya wazee. Nimekuelewa zaidi kuliko ulivyotaka.

Sisi wazima. Mama mkwe anakohoa kidogo. Pakiso ananifundisha kupanda farasi, ananishika kiuno muda mrefu kuliko farasi anavyohitaji. Kaka, sikujua kwamba mtu anaweza kucheka hivi kila siku na bado akapika.

Chifu 'Mantsane aliita mkutano. Kampuni ilileta ng'ombe mzima. Na wewe unajua sisi: nyama kwanza, maneno baadaye. Watu wakala. Yule wa viatu vyeupe (amenunua mabuti sasa) akasimama akasema kwa upole, "Tunashukuru mmeipokea nyama yetu." Sote tunajua maana yake. Posa ikiletwa na nyama ikaliwa, msichana ameshakwenda. Watu wakatazama sahani zao kama zimewauma.

Mimi sahani yangu ilikuwa imejaa. Sikuigusa, maana mke mpya hali mbele ya wakwe, na kwa mara ya kwanza nikaishukuru mila hiyo. Nikasimama. Najua, mke wa juzijuzi hasimami mkutanoni. Nikasema, "Mimi sijala."

Chifu akaniuliza, "Na mumeo?"

Pakiso alikuwa na mfupa mdomoni. Akautoa polepole. "Mimi nimekula sahani mbili, Chifu. Lakini shamba si langu. Mwenye shamba ana njaa."

Watu walicheka mpaka Chifu akajifunika uso kwa shali. Nilimpenda pale, kaka, na ule mfupa wake.

Si wote waliocheka. Lineo, yule mjane mwenye watoto wanne, alinifuata njiani. "Wewe una mume wa kukushika kiuno," akanambia. "Mimi nakata majani kule nailoni kuanzia alfajiri, na watoto wangu wana viatu. Ukiifukuza kampuni, utawavisha wewe?" Nikamwambia, siwezi kuwavisha. Sitaki kampuni ifukuzwe. Ikae kule juu ilipo. Ninachokataa ni kushuka kwake huku kwetu.

Maana uzio wa juu umeshaonyesha tabia yake. Unakumbuka baada ya mavuno kila shamba huwa la ng'ombe wa wote, mabua ya huyu yanaliwa na mifugo ya yule, na hakuna anayeuliza? Mwaka huu ng'ombe walifika kwenye uzio wakasimama wamepanga vichwa, wanashangaa. Kila anayekodisha shamba lake anakodisha na mabua ya jirani. Hilo hakuna aliyelipwa. Pampu yao inanyonya kijito, na sisi tunachota kwa kata ya uji. Na mimi na Pakiso tuliotaka kiwanja cha kujenga chumba na jiko tu, tumeambiwa bei ambayo hata mama mkwe, asiyetukana, alitukana. Bei zako za ng'ombe kumi na wawili, kaka, ndizo zinazotulaza chumba kimoja na mama mkwe, katikati pazia.

Kuhusu bangi usinifundishe. Jioni upepo ukishuka, harufu inakuja mpaka kitandani, na ni harufu ya blanketi la mama. Ndiyo iliyonisomesha mpaka kidato cha tano. Siionei aibu wala siichukii. Lakini mama aliilima akala na majirani wakala. Hawa wana walinzi.

Basi nimekwenda kwa yule mzee, Ntate Malefane. Ndiyo, huyohuyo. Unakumbuka ugomvi wao na mama, mbuzi wake alipoingia shambani akala bangi, akalala siku mbili, naye akamshtaki mama kwa uchawi? Hakuweza kusema mbuzi alikula nini, maana bangi yake mwenyewe ilikuwa nyuma ya zizi!

Nikamkuta anapaka ng'ombe mafuta shingoni. Hakuniangalia. "Mtoto wa mchawi."

"Shikamoo, Ntate. Nimekuja tulime nusu kwa nusu. Shamba letu, ng'ombe wako, mavuno tunagawana."

"Mama yako angefufuka kwa hasira."

"Afufuke atusaidie kupanda."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, kaka. "Jumatatu," akasema. "Na mumeo aje ashike jembe, nione kama ana mikono au ana nyimbo tu."

Kwa hiyo ukisoma hii tutakuwa tumeshalima. Sasa nijibu.

'Makhauhelo


Shamba la pili baada ya Rietkuil, 20 Novemba 2022

Nthatisi,

Barua yako imenifikia leo, imekunjwa ndani ya gunia la sufu, ina harufu ya kondoo. Mzima. Chakula hakijambo.

Simamisha ng'ombe wa Malefane. Kama mmeshalima, msipande. Kama mmeshapanda, basi sijui niseme nini kwa binti wa mama yangu mwenye kichwa kama cha mama yangu.

Nilitia sahihi. Agosti, nilipopita Maseru, kabla ya harusi yako. Mimi ni mrithi, jina langu ndilo lililo kwa chifu, sikuhitaji ruhusa ya mtu. Kwenye mkataba imeandikwa kwamba nitawakabidhi shamba likiwa tupu mwisho wa Januari. Tupu, Nthatisi. Na malipo ya mwanzo nilishayapokea. Unayajua yalipo. Unajitazama kwenye kioo cha kabati lako kila asubuhi.

Ulitaka uende kwa watu mikono mitupu? Ulitaka mama yake Pakiso aseme dada yangu aliletwa na sanduku la bati kama mtumishi? Msimu uliopita mvua ilitunyima kazi, nilirudi na nauli tu. Niliona aibu zaidi ya kukupeleka hivyo kuliko ninavyoona aibu ya kukuandikia haya.

Sasa umejua. Nyamaza, uwe na furaha yako.

Seabata

Nimesikia kwa kijana wa Mafeteng aliyejiunga nasi kwamba shemeji ni mlinzi wa kampuni, analinda lango lao kwa kofia na rungu. Hilo nalo uliniambia tutazungumza siku nyingine.


Ha Khoabane, 4 Desemba 2022

Kaka yangu mpenzi, kaka yangu mjinga,

Salamu kwanza, hata kama nimekasirika. Mama mkwe amepona kikohozi. Mvua ni nzuri. Ng'ombe wa Malefane amezaa ndama mwenye miguu myeupe, tumemwita Viatu.

Ndiyo, Pakiso ni mlinzi. Nilikuficha. Nilijua utaniambia mke wa mlinzi hana mdomo wa kupinga uzio. Sasa tumeumbuana, tuko sawa.

Barua yako niliisoma nimekaa kitandani, kile kitanda. Nikalia, sikudanganyi. Si kwa hasira. Nililia kwa sababu nilikuona Maseru, umesimama dukani na kofia mkononi, unagonga mbao za kabati kusikia kama ni nzito, ili dada yako asidharauliwe. Nimelia mpaka kope zikavimba. Kisha nikanawa nikaenda kwa Malefane nikamwomba ng'ombe na mkokoteni wa kuburuta.

Pakiso alikuwa kazini. Nilimpelekea ujumbe: leo utapata mgeni. Tukalitoa kabati, fremu ya mlango ikang'oka tena. Tukatoa kitanda na godoro. Mama mkwe alisimama mlangoni mikono kiunoni, nikajua sasa nafukuzwa. Akaingia ndani, akatoka na mito. "Na hii ilikuja na kitanda," akasema. "Usirudishe kitu nusu. Halafu kaka yako mwambie mimi niliposa msichana, sikuposa mbao."

Tukapanda kilima, Malefane mbele anapiga mluzi, mimi nyuma nimeshikilia kioo kisivunjike, mawingu yote yakipita ndani yake. Watoto wakatufuata. Wanawake waliobonyeza lile godoro wakasimama njiani kuliaga. Langoni alikuwa mume wangu, kofia imenyooka, rungu kiunoni, na yule wa mabuti nyuma yake.

Pakiso akafungua kitabu cha wageni, uso mkavu kabisa. "Jina?"

"Unalijua."

"Sheria ya lango, mama. Jina."

"'Makhauhelo."

"Shida yako?"

"Nimerudisha malipo ya mwanzo ya shamba la kijitoni. Nimeyaleta kwa umbo lake."

Yule bwana akapiga kelele kwamba wao si duka la samani. Nikamwambia nasi si duka la mashamba. Akasema sahihi ni ya kaka yangu, ni yeye tu anayeweza kuitengua, na hivi vitu nivirudishe nilikovitoa. Nikamwambia ng'ombe wamechoka, hawashuki na mzigo. Tukavipanga langoni vizuri, kitanda kimetandikwa, mto juu. Malefane akamwambia, "Bwana mdogo, ukichoka kulinda, lala."

Akamgeukia Pakiso: "Mlinzi, ondoa watu hawa!"

Kaka, Pakiso alivua kofia yake, akaipangusa vumbi, akaiweka juu ya mto. Akaweka rungu pembeni, kama mtu anayelaza mtoto. Akasema, "Mwondoaji amekwisha ondoka," akanishika mkono, tukashuka. Hakunitazama mpaka tulipofika kijitoni. Pale akaniuliza, "Sasa tutakula nini, mke wangu?" Nikamwambia sijui. Akasema yeye pia hajui, na tukacheka kama wendawazimu, na mimi nikawa naogopa, kaka, usidhani siogopi. Tunalala chini juu ya ngozi ya kondoo. Mgongo unauma kidogo. Sijawahi kulala vizuri hivi.

Kitanda kilinyeshewa usiku mmoja. Asubuhi watu wa kampuni waliingiza vyote ghalani na kunipa stakabadhi. Kwa hiyo wamevipokea, na Chifu ameiona. Amesema hivi mbele ya watu: shamba lililolimwa nusu kwa nusu lina mazao ya watu wawili, na Seabata hawezi kukabidhi mahindi ya Malefane. Hakuna uzio utakaowekwa kabla ya kuvuna. Lakini baada ya kuvuna, amesema, sahihi bado itakuwa sahihi, isipokuwa mwenyewe aiondoe kabla ya mwisho wa Januari, siku ya kukabidhi. Baada ya siku hiyo hata yeye Chifu hana la kusema kwa miaka ishirini.

Karatasi ya kujiondoa ni moja tu. Njoo Krismasi, utie sahihi. Nyote mlio kazini huko huja Krismasi. Nitakuchinjia kuku, na hakuna atakayekuuliza la kabati.

'Makhauhelo wako


Karoo, 27 Desemba 2022

'Makhauhelo,

Heri ya Krismasi iliyopita. Wenzangu karibu wote waliondoka. Mimi nilibaki na wazee wawili, tukanyoa kondoo wa mjane mmoja ambaye hakuna timu iliyomtaka. Nyapara anasema nikiondoka sasa nafasi yangu anapewa mwingine, na ndivyo ilivyo.

Nilicheka mahali pa rungu. Mwambie mama mkwe nimesikia.

Shamba hili la huku lina uzio unaoanza kabla jua halijachomoza na unakwisha sijui wapi. Bwawa liko ndani. Tumenyoa hapa wiki nzima na maji ya kunywa tunaletewa kwenye pipa lililobeba dawa ya kuoshea kondoo. Jana nilimuuliza mzee mwenzangu, mtu wa hapahapa, hii ardhi ilikuwa ya nani. Akanionyesha kilima kimoja, akanionyesha kaburi la babu yake kwa kidole, kutoka nje ya waya. Tukarudi kwenye kondoo.

Siwezi kuja. Usiniulize tena.

Mahindi yamefika wapi? Magotini? Malefane huwa anapanda karibu karibu mno, mwambie apunguze miche, yatasongana.

Seabata


Ha Khoabane, 8 Januari 2023

Kaka Seabata,

Yamepita magoti, yananifika kiunoni! Pakiso anasema ni kwa sababu mimi mfupi. Malefane hakupanda karibu karibu, nilimsimamia, akaniita nyapara. Maharage tumeyaweka katikati ya mistari kama mama alivyofanya, na maboga yanatambaa mpaka yanakaribia kuvuka kijito. Jumapili Lineo alikuja kutusaidia kupalilia baada ya kanisa. Bado anakwenda nailoni kila alfajiri, na bado hakubaliani nami, ananiambia hivyo huku anapalilia. Nitampa maboga, atanisema vilevile, basi.

Kampuni imewapandishia bei wenye mashamba wa pande zetu mbili. Mmoja amekwisha kubali. Simlaumu, ana mgonjwa. Lakini wa pili alikuja kunitazama shambani, akazunguka, akachuma jani la boga, akauliza, "Malefane ana ng'ombe wa kutosha kulima na langu?" Ana.

Pakiso amepata vibarua vya kujenga kuta za mawe, analipwa mahindi na mara moja alilipwa bata. Bata ana tabia mbaya, anamng'ata mama mkwe. Tunaishi. Jana usiku mvua ilipiga bati, na kwa kelele ile hata pazia lilisahau kazi yake. Na sitakuandikia zaidi ila tu kwamba shangazi wawili wameanza tena kubishana, na safari hii nadhani wana sababu.

Umeuliza mahindi. Hukuuliza kingine, na umeniita kwa jina langu, na nilikaa na karatasi yako kifuani mpaka wino ukanishika. Umesema huwezi kuja, nisikuulize tena. Sikuulizi, kaka. Huwezi kuja kwa ajili ya nyapara, na sidhani ni nyapara peke yake. Unaogopa kunikuta nimelala chini. Basi usije.

Tunakuja sisi.

Karatasi ya kujiondoa ninayo, Chifu ameipiga muhuri, iko ndani ya Biblia ya mama mkwe, naye amesema ikipotea nisirudi. Pasi zetu za kusafiria ziko tayari. Malefane ameuza ndama, yule Viatu, akatupa nauli. Nilikataa, akasema, "Nusu ya shamba ni yangu, na nusu ya nauli ni yangu, panda basi, mtoto wa mchawi." Sisi hatukuwa na fungate, kaka. Watu wa Maseru wakioana wanakwenda Durban kutazama bahari. Mimi na Pakiso tutakwenda Karoo kutazama wanaume wakinyoa kondoo, na sioni bibi harusi aliyenizidi bahati. Nataka kukiona kile kilima, na kaburi, na huo uzio usio na mwisho. Nataka kusimama mbele yake na tumbo langu.

Mwambie nyapara dada yako anakuja na kalamu mbili, moja ikikauka. Mwambie hatutachukua muda wako, mistari miwili tu, halafu urudi kwa kondoo wako. Ukiamua kutotia sahihi, niambie machoni, nitakula chakula chako cha mchana na nitarudi nyumbani kupalilia. Lakini si kwa barua. Kwa barua sisi wawili ni waongo wazuri mno.

Tunavuka daraja la Maseru Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu, tunalala kwa yule binamu wa Bloemfontein, na tutaulizia timu yenu kwenye duka la sufu. Usihame shamba bila kuacha neno dukani. Kabla Januari haijaisha utatuona mlangoni, tumejaa vumbi, Pakiso anaimba.

Dada yako,
'Makhauhelo